Shakwe wa Mabawa Meupe

Mtaa mzima ulimwita Fundi, kwa sababu cherehani yake ilisikika mpaka ngazi za chini, na mumewe akaitwa Koma. Jina hilo alilipata kazini. Kwa miaka mingi alikuwa msahihishaji katika nyumba moja ya uchapaji, yaani mtu wa mwisho kuusoma ukurasa kabla mashine hazijaanza kunguruma. Kazi yake ilikuwa kuona kisichoonwa na wengine: herufi iliyogeuka, neno lililojirudia, koma iliyopotea njia. Kwa ajili ya koma moja alikuwa tayari kurudisha kitabu kizima, hata kama meneja amekunja uso na dereva wa mzigo amekwisha kuwasha injini. Wapiga chapa walisema jina lina maana mbili, maana ukibishana naye mwishowe hukwambia koma, nawe ukakoma.

Alipostaafu, macho yale yale aliyapeleka bwawani.

Ng'ambo ya reli palikuwa na bwawa lililobaki baada ya watu wa matofali kuchimba udongo wao na kwenda zao. Majira ya baridi yakiingia, shakwe walikuja hapo kila alasiri. Asubuhi walishinda jalani wakigombania taka za mji, kisha wakaja kwenye maji yale yasiyo na chumvi kuoga, kujichambua manyoya na kupumzika, kabla ya kurudi baharini kulala. Kwa mpita njia lilikuwa kundi la ndege weupe wenye kelele. Koma alikaa kwenye benchi na darubini yake akiwapitia mmoja mmoja, akimtafuta yule asiyefanana na wenzake: aliyepeperushwa na dhoruba kutoka nchi za barafu, au aliyefuata kundi lisilo lake akasahau kwao.

Fundi hakuwapenda hata kidogo.

“Una wake wenza wenye mabawa,” alikuwa akimwambia. “Tena wote wamevaa sare. Sijui unamjuaje wa leo na wa jana.”

“Njoo siku moja nikuonyeshe.”

“Nina nguo za watu hapa.”

Ndivyo walivyoishi, mmoja bwawani na mwingine kwenye cherehani, wakikutana kwenye chai ya jioni, na hakuna aliyeona kuna kasoro.

Kiharusi kilimpata Koma akiwa ameinama kufunga kamba za viatu. Mguu wa kulia ulirudi, lakini ukawa wa kuburuta. Mkono ulirudi nusu. Maneno hayakurudi. Yalibaki matatu tu: hapana, bado, na, Mungu ndiye ajuaye kwa nini, kabati. Chai ilikuwa kabati. Maumivu ya bega yalikuwa kabati. Fundi mwenyewe aliitwa kabati, na mara ya kwanza alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akagundua kwamba kicheko kimekwisha na machozi bado yanatoka.

Mtaalamu wa matamshi hospitalini aliwaambia, “Akili yake ipo palepale. Anaelewa kila mnachosema. Mlango wa kutokea ndio uliokwama. Msimsemee. Msubirini.”

Waliitikia kwa vichwa. Lakini kusubiri ni kazi ngumu, na kumsemea mtu ni rahisi. Haukupita muda, watu wakawa wanazungumza juu ya kichwa chake kama wanavyozungumza juu ya meza. Atakunywa chai? Amelala vizuri? Anasikia baridi? Na Fundi ndiye aliyekuwa akijibu.

Binti yao wa pekee alikuwa mfamasia na aliishi upande wa pili wa mji, katika jengo jipya. Siku moja alikuja akapanda ngazi zile mpaka juu, akafika akihema.

“Mama, hizi ngazi zitamuua baba, au zitakuua wewe unayemshika. Kwangu kuna lifti. Chumba kipo, nimekwisha kukipaka rangi.”

“Na baba yako?”

“Baba atazoea. Mgonjwa haulizwi uji.”

Koma alikuwa ameketi palepale karibu na dirisha, kikombe mkononi. Fundi aliuona mkono ule ukisimama katikati ya safari, kisha ukaendelea kukipeleka kikombe mdomoni. Aliuona, akanyamaza. Alikuwa amechoka, mgongo unamuuma, na hiyo lifti ilimvutia kama kitanda kinavyomvutia mwenye usingizi.

“Haya, mwanangu,” akasema. “Tutahama.”

Siku chache baadaye, alasiri, alikuwa anashona kola ya koti la mteja alipoona koti lake mwenyewe limewekwa juu ya cherehani, juu ya kitambaa, juu ya vidole vyake. Koma alikuwa amesimama mbele yake, darubini shingoni, kofia imekaa upande.

“Kabati,” akasema.

“Kabati gani tena, mume wangu? Huoni nina kazi?”

Koma akaelekeza mkongojo dirishani, upande wa reli. “Kabati,” akarudia, na safari hii lilikuwa neno la mtu anayejizuia asipige kelele.

Fundi alimtazama, akatazama kola, akazima taa ya cherehani.

Njia ambayo Koma alizoea kuitembea akipiga mluzi iliwachukua muda mrefu, wakipumzika kwenye kila ukuta ulioweza kukaliwa. Walipofika, walimkuta Kinyozi. Alikuwa rafiki wa zamani wa Koma, aliyefunga duka lake kila Jumatatu ili aje kuangalia ndege, na alikuwa na darubini kubwa ya kusimama kwa miguu mitatu, ambayo watoto wa mtaa waliiita mzinga.

“Shemeji!” akashangaa. “Leo jua limechomoza upande gani?”

“Limechomoza upande wa mwenzio. Sogea apate kukaa.”

Kinyozi alimkumbatia Koma, akamwekea mzinga usawa wa jicho, kwa kuwa mkono wa Koma ulitetemeka mno kushika darubini yake kwa muda mrefu. Fundi alikaa pembeni, mikono mifukoni. Aliwaona shakwe kama alivyowaona siku zote, sare tupu. Alianza kufikiria kola aliyoiacha.

Koma akamvuta skafu. Ilikuwa ya kijivu. Akaigusa, akaonyesha mgongo wa ndege mmoja. Kisha akagusa suruali yake mwenyewe, nayo ya kijivu, lakini iliyokolea, akaonyesha mwingine. Fundi alikunja macho. Alitazama huyu, akatazama yule.

“Ah,” akasema taratibu. “Hawakukatwa kwenye jora moja.”

Koma akapiga goti lake kwa furaha.

Hilo Fundi alilijua. Kwa fundi hakuna kitu kinachoitwa kijivu tu. Aliwahi kurudishiwa suti kwa sababu mkono mmoja ulitoka kwenye jora lililochovywa siku nyingine, na mteja alikuwa na haki. Basi akaanza kuwatazama shakwe kama vitambaa. Huyu miguu yake ni ya manjano, yule ya waridi. Huyu kichwa kina michirizi kama kalamu imejaribiwa juu yake. Wale wa hudhurungi, aliodhani ni ndege wengine kabisa, Kinyozi akamwambia ni makinda, watoto wa hawa hawa weupe, ambao huchukua miaka kadhaa kuvaa nguo za wakubwa. Na karibu wote, wakubwa kwa wadogo, ncha za mabawa yao zilikuwa nyeusi au za rangi iliyokolea, kama zilizochovywa wino.

Walirudi siku iliyofuata, na nyingine baada ya hiyo. Fundi aliwaambia majirani kwamba daktari amesema mume wake afanye mazoezi ya kutembea. Ilikuwa kweli, ila haikuwa kweli yote.

Jumatatu moja yenye baridi kali, Koma alikuwa na jicho kwenye mzinga, na Kinyozi alikuwa anamweleza Fundi habari za shakwe wa barafuni. Ndege huyo, alisema, hana wino. Mabawa yake ni meupe mpaka mwisho. Amewahi kuonekana hapa mara moja tu, na Koma ndiye aliyemwona, siku ambayo Kinyozi alikuwa harusini kwa watu.

“Mpaka leo ananisimanga,” akasema Kinyozi. “Yaani, alikuwa ananisimanga.”

Ghafla Koma akakakamaa. “Kabati,” akanong'ona. Kisha kwa sauti, “Kabati! Kabati!” Akamshika Kinyozi kwa kola, akamvutia kwenye mzinga.

Fundi aliinua darubini ya mumewe akafuata kule mzinga ulikoelekea. Katikati ya kundi alikaa ndege aliyepauka, rangi ya chai yenye maziwa mengi, na mabawa yaliyokunjwa juu ya mkia hayakuwa na weusi wowote. Fundi akajikuta amesimama, jambo lililomshangaza.

Kinyozi alitazama kwa muda mrefu. Alirekebisha mzinga, akatazama tena. Kisha akainuka na tabasamu kubwa.

“Ndiye, mzee! Hongera. Ndiye hasa.” Akampiga Koma begani.

Koma alikuwa anang'aa. Upande mzima wa uso uliofanya kazi ulikuwa unacheka. Lakini Fundi aliijua sauti aliyotumia Kinyozi. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, ile anayoitoa yeye pale mteja aliyenenepa anapojitazama kwenye kioo na kuuliza kama gauni limemkaa. Akamkonyeza Kinyozi wasogee kwenye matete.

“Ndiye kweli?”

“Shemeji, si unaona alivyofurahi? Tangu augue umemwona hivi?”

“Sijakuuliza furaha. Nimekuuliza ndege.”

Kinyozi alijikuna kisogo. “Nadhani siye. Mdomo si wake. Yule nadhani ni kinda wa kawaida tu, jua limemchujua kama pazia la dirishani.”

“Mbona hukumwambia?”

“Nimwambie mtu asiyeweza kunijibu? Itakuwa ni kumpiga aliyefungwa mikono. Zamani tungebishana mpaka giza, na pengine angenishinda. Sasa nibishane na nani?”

Fundi aligeuka. Alitazama benchi. Mumewe alikuwa amejishikiza kwenye mzinga kama mtu anayeogopa kuibiwa, akiwa peke yake na ushindi wake, na wao wawili wamesimama kwenye matete wakijadili kama apewe ukweli au asipewe. Alikumbuka kile kikombe kilichosimama hewani. Alikumbuka jinsi alivyosema haya, mwanangu, tutahama, bila hata kugeuza shingo.

Akarudi akaketi kando yake.

“Mzee,” akasema. “Kinyozi anasema siye.”

Kinyozi, nyuma yake, alitamani ardhi ipasuke.

Koma aligeuka polepole. Alimtazama mkewe, akamtazama rafiki yake. “Hapana!” akasema, akagonga mkongojo chini. Akaonyesha ndege, akajipapasa mkono mpaka ncha za vidole, akapunga: hakuna wino, hamwoni?

“Mabawa ni meupe, nakubali,” akasema Kinyozi, kwa unyonge mwanzoni. “Lakini mdomo je, mzee? Wa barafuni angekuwa na rangi mbili, shina la waridi na ncha nyeusi, mpaka umekatwa kama kwa wembe. Huyu mdomo wake ni mweusi karibu wote.”

“Kabati,” akajibu Koma kwa dharau.

“Si mwanga! Mwanga uko nyuma yetu!”

“Kabati. Kabati, kabati!”

“Usiniletee habari za harusi hapa!”

Fundi alikaa katikati akisikiliza. Kulikuwa na kabati ya ushahidi, kabati ya matusi, na kabati ya kwamba wewe unajua nini, wewe nyoa watu. Kinyozi aliyajibu yote bila kukosea hata moja, mishipa imemtoka shingoni, na ile sauti ya kubembeleza wagonjwa imemkauka kabisa.

Jambo moja tu lingeamua: ndege afungue mabawa. Lakini ndege alikuwa amelala, mdomo umefichwa mgongoni, hana habari na mtu. Walimngojea. Upepo uliwapenya. Fundi alimfunika mumewe skafu yake, naye akaitupa pembeni bila kuondoa jicho.

Treni ya mizigo ndiyo iliyomwamsha. Ilipopita ikipiga honi, kundi zima liliruka, maji yakachafuka, na yule aliyepauka akapanda juu pamoja na wengine, mabawa yamekunjuka mbele ya tuta la reli. Hata Fundi aliona. Manyoya yalikuwa yamechakaa, yamekatikakatika kama ukingo wa zulia la mlangoni. Na ndani yake, kwenye bawa moja, manyoya mawili mapya yalikuwa yameanza kuota, ya hudhurungi iliyokolea, kama kiraka kilichokatwa kwenye kitambaa kile cha zamani kabla hakijafuliwa na jua.

Koma alimfuata kwa mzinga mpaka alipotua. Kinyozi alikuwa anatazama viatu vyake.

Kisha Koma akainua kidole cha mkono wa kushoto, akachora hewani mstari mmoja na kitanzi kidogo mwishoni. Fundi aliitambua alama ile. Alikuwa ameiona kwa wino mwekundu pembezoni mwa kurasa nyingi sana zilizolala juu ya meza yao ya chakula. Maana yake ni moja: ondoa hiki, ni kosa.

“Hapana,” akasema Koma, kwa upole, akajigusa kifua.

Halafu akacheka. Mdomo ulienda upande, mate yakamtoka, akaendelea kucheka. Kinyozi alijibwaga kwenye benchi akacheka naye, akijifuta macho kwa taulo la dukani alilosahau shingoni tangu jana yake.

Fundi hakucheka. Alikuwa anamtazama mumewe kama aliyekutana naye stesheni baada ya safari ndefu. Koma alikuwa amekosea, ameona kwamba amekosea, na amelifuta kosa kwa mkono wake. Kosa lilikuwa lake, na masahihisho yakawa yake pia. Kama wangemwachia ndege wa uongo aende naye nyumbani, wangekuwa wamemnyang'anya yote mawili, na wangelala wakijiona wema.

Mwisho wa wiki binti alikuja na maboksi.

“Yaweke chini kwanza,” Fundi akamwambia. “Baba yako hatujamuuliza.”

“Mama, si tulishakubaliana?”

“Tulikubaliana mimi na wewe.”

“Lakini nilisema mbele yake!”

“Ulisema mbele ya ukuta pia. Mwanangu, kosa hili ni letu sote, mimi nikiwa wa kwanza. Kaa.”

Fundi akamgeukia Koma, akamweleza yote bila kuficha: mgongo wake, ngazi, chumba kilichopakwa rangi, umbali wa bwawa. “Mimi nachoka,” akasema. “Lakini sitaki kukuhamisha kama kochi. Unasemaje?”

Kisha akanyamaza. Binti alifungua mdomo kumsaidia baba yake. Fundi akainua kidole. Koma alisugua goti. Alitazama mlango wa ngazi, akatazama dirisha, akatazama mikono ya mkewe iliyokuwa juu ya meza, na hapo alikaa muda.

“Bado,” akasema.

Akainua darubini, akaiweka chini, kisha akaurusha mkono wake nje ya dirisha kama kitu kinachoondoka.

“Mpaka shakwe waende zao, baba?” binti akauliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

Koma akaitikia kwa kichwa.

“Halafu utakuja kwangu?”

Alifikiri. Akaupandisha mkono polepole, akaushusha, akaupandisha tena, akakunja uso kama mtu anayeonja dawa.

“Anataka kwanza aipande hiyo lifti aione,” akasema Fundi, kisha akajishika. “Au nimekosea, mzee?”

Hakukosea. Binti alikaa juu ya maboksi yake akicheka na kulia kwa pamoja, na Jumapili iliyofuata walimpeleka. Koma alipanda na kushuka na ile lifti mara kadhaa akiwa na uso wa mkaguzi, mpaka jirani mmoja akauliza kama imeharibika.

Baridi ilipoanza kulegea, Koma alishikwa na kikohozi, akakatazwa kutoka. Alasiri ilipofika alikuwa hana raha, anageukageuka kama mtoto aliyenyimwa kucheza. Mwishowe akavua darubini shingoni mwake, akamvisha mkewe.

“Peke yangu? Kwenda kufanya nini?”

Lakini alikwenda. Na huko, akiwa hana wa kumvuta skafu wala wa kubishana naye, alimwona mmoja kwenye ukingo wa mbali: mdogo kidogo, kichwa mviringo, macho meusi ya upole, mgongo wa kijivu ambacho hajawahi kukiona kwa yeyote kati yao. Alimtazama mpaka machozi ya upepo yakamzuia. Alirudi nyumbani karibu kwa kukimbia, akazipanda ngazi bila kuzikumbuka.

Koma alimsikiliza huku amefumba macho. Kisha akaanza kumhoji. Akagusa mguu wake: miguu je? “Ya kijani, au manjano ya kijani, kama embe halijaiva.” Akagusa mdomo. “Mwembamba.” Akagusa ncha za vidole. Fundi akasita.

“Sikuangalia,” akakiri. “Niliangalia macho yake tu.”

Koma alifumbua macho akamkodolea, kama alivyowakodolea wapiga chapa enzi zake. Kisha akaonyesha mlango.

“Sasa hivi? Kumekuchwa!”

Kesho yake alikwenda mapema na Kinyozi. Waliwapitia wote, kutoka ukingo huu mpaka ule, na yule mdogo hakuwapo. Hata lile kundi lenyewe lilikuwa limepungua. Wengine walikuwa wamekwisha kuanza safari.

“Pole, shemeji,” akasema Kinyozi, akaanza kukunja miguu ya mzinga wake.

“Acha kwanza,” akasema Fundi. “Kuna mmoja pale nyuma ya matete, sijamwona miguu.”

Akasogea kwenye benchi, akaegemeza viwiko magotini ili darubini isitetemeke, akangoja ndege asimame.